Mabomba ya plastiki kwa samani na bustani ya nyumbani: lipi kwa kazi ipi

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi na kuomba bomba la kutengenezea rafu ya viatu, muuzaji atakuuliza: nusu inchi au robo tatu? Kwa fundi anayepeleka maji jikoni swali hilo linatosha. Kwa anayejenga kitu cha kusimama na kubeba mzigo, kuna maswali mawili ya kujibu kabla ya hilo. Mabomba yataunganishwa kwa njia gani? Na kipande kirefu kuliko vyote kitakaa na urefu gani bila kushikwa katikati? Ukishayajibu hayo, aina ya bomba inajichagua yenyewe. Rangi na bei vije baadaye.

Aina tano hupatikana karibu kila mji. PVC, PPR na HDPE ni majina ya plastiki zenyewe.

| Bomba | Linavyouzwa | Linavyounganishwa | Linapofaa |
|---|---|---|---|
| PVC ya maji safi, kijivu | mita 6 | gundi ya PVC | rafu, stendi za maua, meza ndogo |
| PVC ya waya za umeme, nyeupe | karibu mita 3 | gundi, au kuchomeka tu | fremu ya chandarua, mapambo mepesi |
| PVC ya maji taka, 110 mm | mita 3 au 6 | gundi au mpira wa ndani | bustani ya ukutani, vyungu virefu |
| PPR, kijani au nyeupe | mita 4 | kuyeyushwa kwa mashine | bafuni, vipande vifupi |
| HDPE, nyeusi | roli | viungio vya kukaza kwa mkono | matao, vibanda vya kitalu vya umbo la tao |

Kabla ya kununua, jua hili. Video nyingi za samani za mabomba hutoka Marekani, na bomba la Marekani si saizi yetu hata jina likifanana. Nusu inchi yao ina upana wa nje wa 21.3 mm, robo tatu 26.7 mm, inchi moja 33.4 mm. Mabomba ya vipimo vya milimita ni 20, 25 na 32, nayo hupimwa kwa nje. Kiungio cha mfumo mmoja hakikai kwenye bomba la mfumo mwingine: ama hakiingii, ama kinachezacheza na gundi haishiki. Nenda dukani na kipande cha bomba mkononi, ukijaribishe kwenye kila kiungio kabla ya kulipa.

Uzito na urefu

Chukua PVC ya maji ya 25 mm yenye ukuta wa 1.9 mm. Iegemeze ncha zake mbili ukiacha nafasi ya sm 80, kisha tundika kilo 5 katikati. Itashuka karibu sm 2. Punguza nafasi iwe sm 60 kwa mzigo uleule, itashuka milimita 8. Rudi kwenye sm 80 lakini utumie bomba la 32 mm lenye ukuta wa 2.4 mm, na mshuko utakuwa milimita 7. Nafasi ikiongezwa mara mbili, mshuko huongezeka mara nane; ndiyo maana kufupisha nafasi kwa nguzo moja ya ziada kunasaidia kuliko gundi yote utakayopaka. Tena hicho ni kipimo cha siku ya kwanza. Plastiki inayobeba uzito usiku na mchana huendelea kujikunja polepole kwa miezi, na joto huharakisha jambo hilo.

Sasa weka PPR ya 25 mm kwenye mtihani huohuo. Ukuta wake ni 4.2 mm, mnene zaidi ya mara mbili, na ukiishika mkononi unaamini kabisa kuwa ndiyo imara. Itashuka karibu sm 4. Malighafi ya PPR ina ugumu usiofika theluthi moja ya ule wa PVC, na HDPE haiko mbali na hapo. Unene wa PPR ni wa kuhimili maji ya moto yenye shinikizo. Kubeba rafu ni kazi nyingine.

Kwa hiyo kwa kitu chochote cha kubeba, yaani viatu, vitabu au vyungu, nunua PVC ya maji safi: 25 mm kwa nafasi isiyozidi sm 60, 32 mm kwa zaidi ya hapo. Kiti cha kukalia mtu mzima hatukishauri kwa saizi hizi. Kiungio kikipasuka hakitoi dalili, na kingo za PVC iliyovunjika hukata.

Pembe ya njia tatu

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Kona ya meza au rafu inakutanisha mabomba matatu: mguu, upande mrefu na upande mfupi. Marekani huuzwa viungio vya samani vyenye midomo mitatu ya kona. Katika maduka yetu mengi ya mabomba utapata elbo (kona ya midomo miwili), tii (midomo mitatu, umbo la T), soketi (ya kuunga mabomba mawili yaliyonyooka) na kofia (ya kuziba ncha), basi.

Suluhisho ni kuushusha upande mmoja ili pande mbili zisikutane sehemu moja. Juu ya mguu weka elbo inayoelekea upande mfupi. Chini yake chomeka kipande kifupi cha bomba, kisha tii ambayo mdomo wake wa kati unaelekea upande mrefu. Kwa 25 mm, tundu la kiungio lina kina cha milimita 19, hivyo kipande cha sm 4 huingia milimita 19 kila upande na kuacha mwanya wa milimita 2 tu unaoonekana. Upande mrefu utakaa takriban sm 7 chini ya ule mfupi. Kwenye rafu ya viatu tofauti hiyo inageuka kuwa faida, maana ule upande mfupi wa juu unazuia viatu visianguke pembeni.

Hii hapa rafu ya jozi sita inayotoka kwenye bomba moja la mita 6 la 25 mm:

- Fito za kubebea viatu: vipande 6 vya sm 50
- Pande fupi: vipande 4 vya sm 18
- Miguu, kila mguu mmoja: sm 4, 18, 18, 4 na 8, mara nne
- Elbo 4, tii 16, kofia 4

Jumla ni mita 5.8, na msumeno utakula kama sm 3 hivi. Kila mguu ukiuhesabu kutoka juu ni elbo, sm 4, tii, sm 18, tii, sm 18, tii, sm 4, tii, sm 8, kofia. Tii tatu za juu zinaelekea ndani, kwenye fito ndefu. Ya nne inaelekea nyuma, kwenye mguu mwenzake. Kutoka fito ya mbele hadi ya nyuma unapata karibu sm 21 kati kwa kati, nafasi ambayo kiatu cha mtu mzima kinalala bila kuchungulia chini.

Jenga kwanza pande mbili za kushoto na kulia zikiwa zimelala sakafuni, tii zote sita za fito zikitazama juu wima. Chomeka kipande kirefu cha bomba katika kila tii uangalie kama vyote vinasimama sambamba. Ikipinda tii moja kwa nyuzi chache tu, fito yake itagoma kuingia upande wa pili. Pande zikishakauka, gundisha fito zote sita kwenye upande mmoja. Upande wa pili usiugundishe. Fito sita haziwezi kuingia pamoja kabla ya gundi kukauka ukiwa peke yako, na hata mkiwa wawili ni mbio. Zichomeke kavu, kisha piga skrubu fupi moja kwenye kila tii kwa upande wa nyuma. Rafu itashika vizuri, na siku ya kuhama nyumba inafunguka.

Gundi, na kipimo kinachodanganya

Tundu la kiungio cha PVC limepungua kidogo kuelekea ndani. Bomba kavu hukwama kabla ya kufika mwisho, mara nyingi katikati au kwenye theluthi mbili ya kina. Gundi ikipakwa, inalainisha plastiki na bomba linateleza hadi mwisho. Anayekusanya kila kitu kikavu, akapima, akafurahi, kisha akagundisha, hujikuta rafu imepungua sentimita kadhaa, na mara nyingi upande mmoja umepungua kuliko mwingine. Dawa yake ni penseli. Kwa kila ncha pima kina cha tundu (milimita 16 kwa bomba la 20, 19 kwa 25, 22 kwa 32) na uchore mstari kuzunguka bomba. Ukigundisha, sukuma mpaka mstari uguse mdomo wa kiungio.

Kukata: tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo. Ili ukate sawa, funga karatasi yenye ukingo ulionyooka kuzunguka bomba mpaka kingo zake zikutane, halafu chora kwa kuufuata. Toa mabaki kwa kisu, ndani na nje, kisha msasa. Ukingo wenye makombo husukuma gundi yote mbele na kuuacha ukuta mkavu.

Paka gundi nyembamba kwenye tundu na kwenye bomba, ingiza, zungusha robo mzunguko, shikilia kwa sekunde 30. Ukiachia mapema, ule upungufu wa ndani unalisukuma bomba nje. Gundi hii ina vimiminika vinavyowaka upesi na mvuke wake huumiza kichwa: ifanyie kazi nje au penye upepo, mbali na jiko la mkaa. Tena ni ya PVC peke yake. PPR na HDPE haziguswi nayo, hata ukiipaka kopo zima.

Bomba la waya za umeme

Ni jepesi, bei yake ni ya chini, na weupe wake unapendeza bila rangi. Faida yake kubwa ni kukunjika likiwa baridi kwa springi ya fundi umeme inayoingizwa ndani. Kunja kidogo kupita pembe unayotaka, maana hurudi. Bila springi linabonyea pale kati na alama haiondoki tena.

Kazi yake nzuri kuliko zote ni fremu ya chandarua. Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6, upande mrefu ni sm 183, na hapo bomba la 20 mm hushuka karibu sm 3 katikati kwa uzito wake na wa chandarua, kabla ya mtoto kulivuta. Njia ni mbili: tumia la 25 mm kwa pande ndefu, au weka tii katikati na ufunge kamba kwenda kwenye dari. Nguzo nne zifungwe kwenye miguu ya kitanda sehemu mbili kila moja, chini na juu ya ubao wa kitanda. Zikifungwa sehemu moja, fremu nzima hulala upande mmoja kila mtu anapojigeuza. Usizigundishe kona za juu. Chandarua kinatakiwa kutoka kifuliwe.

110 mm: mboga na maua

Bomba la maji taka likilazwa ukutani na kutobolewa matundu linakuwa bustani yenye kuvutia. Tatizo ni uzito ambao watu hawauhesabu. Mita 3 za bomba hili hubeba karibu lita 25 za udongo, na udongo uliolowa unaweza kufika kilo 35 hadi 40. Misumari miwili na waya haitoshi. Weka vishikio kila sm 60, kwa skrubu na plagi zilizoingia kwenye tofali lenyewe. Lipu peke yake haishiki.

Toboa juu matundu ya sm 5 kwa msumeno wa duara wa drili, kila baada ya sm 20 kwa mchicha au letusi, sm 25 hadi 30 kwa stroberi. Chini toboa matundu ya milimita 6 kila sm 20 ya kutolea maji. Anayeyasahau haya ya chini huona mimea inanawiri wiki mbili kisha inageuka njano, mizizi imeoza. Changanya udongo na samadi iliyoiva na pumba za mpunga au nyuzi za nazi ili usishindiliwe. Ukuta unaopigwa na jua la mchana unapasha bomba hadi mizizi inaungua, kwa hiyo chagua ukuta wa jua la asubuhi na ulipake bomba rangi nyeupe.

Ukitaka mnara wa kusimama, chimbia sm 40 ardhini na uache mita 1.5 juu. Kata mpasuo wa mlalo wa sm 10, upashe moto kwa hewa ya moto mpaka ulegee, kisha usukume chupa ya kioo kwa ndani ili utokeze mdomo. Iache chupa humo hadi plastiki ipoe. Katikati ya mnara simamisha bomba la 25 mm lenye matundu ya milimita 4 kila sm 10, la kumwagilia. Bila hilo mimea ya juu inakunywa na ya chini inakauka.

Neno kuhusu chakula: mabomba ya maji taka hayatengenezwi kwa viwango vya maji ya kunywa, na PVC ya aina hiyo imewahi kutengenezwa kwa viungo vyenye madini ya risasi. Kwa maua tumia lolote. Kwa mboga, gharamia bomba lenye maandishi ya maji ya kunywa. Na PVC usiichome kwa moto wa kuni wala usiyatupe mabaki yake kwenye moto wa jiko: moshi wake una asidi inayochoma mapafu.

PPR na HDPE

PPR ina sehemu yake. Viungio vyake havina gundi wala harufu na havijali maji, kwa hiyo reli ya taulo ya sm 40 au 50 bafuni inapendeza. Mashine hupashwa hadi nyuzi 260. Bomba la 20 mm hukaa sekunde 5 kwenye joto, la 25 mm sekunde 7, kisha una sekunde kama 4 za kuingiza na kunyoosha. Baada ya hapo hakuna marekebisho, unakata na kununua kiungio kipya. Chora alama kwenye bomba na kwenye kiungio kabla ya kupasha, uzikutanishe bila kubahatisha. Ukilisukuma kupita kina (milimita 14 hivi kwa 20, 16 kwa 25), plastiki hujikusanya ndani. Kwa reli ya taulo hilo halidhuru, ila ule uvimbe wa nje haufutiki. Rangi haishiki kwenye PPR. Ichague kwa rangi iliyonayo.

HDPE nyeusi ndiyo pekee kati ya hizi inayostahimili jua miaka mingi bila kupakwa chochote, kwa sababu ya masizi yaliyochanganywa ndani yake. PVC isiyopakwa rangi huchakaa juani, inakuwa ya njano na kuvunjika kama biskuti. Halafu HDPE inatoka kwenye roli ikiwa imeshajikunja, na kwa matao hiyo ni nusu ya kazi. Kwa tao la mapasheni au maua ya kutambaa getini, lenye upana wa mita 1.4 na kimo cha mita 2, kata mita 4.8 za bomba la 32 mm. Piga nondo za 12 mm sm 50 ardhini, ziache sm 50 juu, na uvishe bomba. Matao mawili yaliyoachana sm 60 na kuunganishwa kwa fito yanatosha kwa mmea uliokomaa. Kwa kibanda cha kitalu cha umbo la tao, mita 4 za bomba hutoa upana wa mita 2.5 na kimo cha karibu mita 1.27, weka tao kila mita moja. Wapo wanaokunja PVC ya maji ikiwa baridi kwa kazi hiyo. Inakubali siku ile, halafu jua likishaichosha inapasuka yenyewe pale ilipokunjwa sana, bila kuguswa.

Rangi, na taa

Maandishi ya kiwandani hutoka kwa pamba yenye asetoni, kwa kufuta haraka, kwa kuwa ikikawia inalainisha PVC. Piga msasa namba 240 mpaka mng'ao wote uondoke, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, kisha pulizia rangi ya kopo inayofaa plastiki, mara tatu nyembamba. Rangi inayobanduka kama ngozi karibu kila mara ilipakwa juu ya mng'ao. Kitu cha nje kisipakwe nyeusi, maana PVC huanza kulegea inapokaribia nyuzi 80, na rangi nyeusi inaisogeza huko mchana kutwa.

Kwa sababu hiyohiyo, taa ya mezani ya mabomba iwekewe balbu ya LED tu, isiyozidi wati 9. Balbu ya zamani ya waya itainamisha shingo ya taa ndani ya saa chache. Tumia waya wenye ganda mara mbili, laini kila ukingo unaopitia, na ufunge fundo au kibanio ndani ya msingi, ili mtu akijikwaa kwenye waya mvuto uishie hapo usifike kwenye holda. Msingi wa bomba peke yake hupinduka; jaza mchanga mkavu kwenye vipande vya chini na uzibe kwa kofia kabla ya kupitisha waya kwenye vile vya juu.